Kocha Aliyesomea kwenye Katuni

Vijana wa timu wameniomba niandike juu ya Kocha kwa kuwa hayuko tena nasi. Niseme mapema, msomaji asije akaanza kutafuta maua: hajafa. Amestaafu tu, amerudi Kenya, na naamini saa hii kuna mtu huko anaulizwa mkojo wake una rangi gani. Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Hayo hakunieleza, nami sikuuliza. Miaka yote tuliyokaa pamoja Birmingham mimi nilimwita Kocha, yeye aliniita Mzee, na majina hayo mawili yalitutosha.

Alikuwa muuguzi. Kazi yake ilikuwa wodi ya figo katika hospitali moja upande wa Edgbaston, kuwaunganisha wagonjwa na mashine zinazowasafishia damu. Jumamosi mchana alikuwa kocha wa besiboli. Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni hivi: mmoja anarusha mpira, mwingine anajaribu kuupiga kwa gongo, na akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vinne mpaka arudi alipoanzia. Waingereza wengi hawaujui, sisi Waafrika Mashariki ndiyo kabisa. Kocha hakuwahi kuucheza. Hakuwahi hata kuuona ukichezwa na watu wenye nyama na damu. Aliujulia kwenye katuni ya Kijapani, moja ya zile ambazo vijana huziita anime, iliyohusu timu ya shule moja ya sekondari.

Alikuwa na mgonjwa kijana ambaye aliitazama katuni hiyo kila alipolala kwenye mashine. "Nilikuwa nasimama dakika moja kurekebisha mirija," Kocha alinisimulia, "najikuta nimesimama dakika ishirini. Halafu yule kijana akapata figo, akapona, akaenda zake. Namshukuru Mungu. Lakini Mzee, aliniacha mechi iko katikati!"

Akaenda kuitafuta mwenyewe nyumbani. Aliitazama yote, akairudia yote akiwa na kalamu mkononi. Badala ya kuitazama mara ya tatu, alisimama wakati wa matangazo kanisani akaomba apewe vijana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na saba. Mchungaji wetu wa wakati ule alidhani ni habari ya kwaya, akambariki.

Ushirika wetu unaabudu kwa Kiswahili katika ukumbi wa kupanga huko Saltley. Tuko Wakenya, Watanzania na Wakongo, na watoto wetu waliozaliwa hapa wanatuelewa sote lakini wanatujibu kwa Kiingereza. Kocha aliwachukua kumi na wanne kati yao, akawapeleka Nechells, kwenye uwanja wa majani ulio katikati ya magorofa na maghala. Mabata bukini wa mfereji wa jirani walikuwa wameufanya choo chao. Zoezi la kwanza la timu lilikuwa reki na koleo.

"Kwenye katuni," alisema Kocha, "mchezaji mpya hagusi mpira mpaka amesafisha uwanja."

"Kwenye katuni kuna mavi ya mabata?" aliuliza Wanza, msichana wa Kikamba ambaye baadaye alikuja kuwa mrushaji wetu.

"Hawakuyachora. Lakini yapo."

Naye akachukua reki akaanza pembeni yake. Hilo nililiona mwenyewe baadaye, mara nyingi: hakuwahi kumpa mtoto kazi ambayo yeye haifanyi, isipokuwa kupiga mpira, na hiyo ni kwa sababu alishindwa.

Sasa nieleze nilifikaje uwanjani mimi, mzee wa kanisa niliyefundisha katekisimu ujana wangu wote na ambaye sikupenda hata mpira wa miguu.

Katika ile katuni wachezaji, kabla ya kuingia uwanjani na baada ya kutoka, hujipanga mstari, huvua kofia na kuinama wakielekea uwanja. Kocha aliwafundisha watoto wetu vivyo hivyo. Siku moja mama yake Heri, kijana wa Kikongo aliyekuwa mdakaji wa timu, alikuja kumchukua mwanawe mapema akawakuta wote kumi na wanne wameinama, kofia mkononi, mbele ya majani matupu. Alikuja moja kwa moja kwenye baraza la wazee.

"Niko nasema kweli, mutoto yangu iko anainamia udongo. Nimeona na macho yangu. Tumekimbia vita, tumefika huku, sasa mutoto anaabudu majani ya Nechells?"

Hakuna aliyecheka, maana jambo lenyewe si la kuchekesha kwa watu walioacha kila kitu isipokuwa imani yao. Baraza likaamua. Mimi, kwa kuwa nilisomea mambo ya dini, niende nikachunguze kwa wiki mbili, nilete taarifa ya maandishi. Ikionekana ni ibada ya sanamu, timu ivunjwe na Kocha akae mbali na vijana wetu.

Nilikwenda kwa siri. Nilisimama nje ya uzio nyuma ya kichaka nikiwa na gazeti. Haikupita robo saa Kocha alikuja na kiti cha kukunja.

"Shikamoo, Mzee. Mpelelezi akisimama sana miguu huvimba. Keti." Kisha akanipa daftari na penseli. "Na kwa kuwa umekuja kuandika, andika pia nani amepiga na nani amekosa. Sina mtu wa kuandika."

Nikamuuliza waziwazi kwa nini watoto wanainama. Nilitarajia utetezi. Akakuna kidevu.

"Sijui, Mzee. Niliona wanafanya. Nikajaribu, nikaona kelele zinaisha. Wanaingia wakiwa watu wengine."

Jibu hilo nililiandika kama lilivyo. Lilinisumbua wiki nzima, kwa sababu ni jibu ambalo mwongo asingelitoa.

Baada ya wiki mbili niliomba wiki mbili nyingine. Nililiambia baraza kwamba bado sijauelewa mchezo kiasi cha kuweza kuutofautisha na ibada, na hiyo ilikuwa kweli. Niliendelea kuisema kweli hiyo kwa miaka minne.

Kocha aliamini kwamba mtu hakui siku ya mechi. Msemo huo aliurudia hata tulipochoka nao. Siku ya mechi, alisema, ni ya kupima tu, kama kipimo cha damu. Ukitaka damu ibadilike, shughulika na siku zile nyingine sita. Kwa hiyo mazoezi yake yalikuwa marefu na mechi alizichukulia kama ziara. Watoto walisimama kwenye maegesho ya magari ya ukumbi wakizungusha gongo hewani mara mia bila mpira wowote, wakihesabu kwa sauti. Aliwataka wahesabu kwa Kiswahili. Kwenye katuni wanahesabu kwa lugha ya mama zao, alisema, na sauti ya mtu hutoka tumboni akisema lugha ya mama yake. Hivyo watoto ambao nyumbani walisema "yes, Mum" walisimama Saltley wakipaza sauti moja, mbili, tatu, mpaka jirani mmoja Mpakistani akatoka kuuliza kama kuna maandamano. Walikwama kwenye tisa tu. Wakongo walisema kenda, Wakenya tisa, na kila walipofika hapo hesabu ilivunjika na kugeuka mabishano.

"Babu yangu Mombasa alisema kenda," nikawaambia. Ikawa wanatumia zote mbili, na kuanzia hapo kila mia moja yao ilikuwa na marudio kumi ya ziada. Kocha alilijua hilo na hakuwasahihisha.

Heri alipofika alikuwa anafumba macho kila mpira ukija. Mdakaji anayefumba macho ni sawa na mlinzi anayelala mlangoni. Wenzake walimtania, "Heri, uko kwenye maombi?" Kocha hakumwambia asiogope. Alinieleza kwamba katika miaka yake yote hajawahi kumwambia mgonjwa asiogope sindano, maana ni kumwambia uongo na kumwagiza jambo asiloliweza kwa pamoja. Aliniomba niandike tarakimu kubwa nyekundu kwenye mipira yote. Kazi ya Heri haikuwa kudaka. Ilikuwa kuisoma tarakimu mpira ukiwa bado hewani na kuitaja kwa sauti.

"Ukidaka au usidake si kitu. Nisomee tu."

Mwezi mzima mipira ilimpiga kifuani akisema "nne!" na ilimpita sikioni akisema "saba!" Halafu Jumamosi moja akasema "mbili," na mpira ulikuwa ndani ya glavu. Aliutazama kama mtu aliyekuta yai mfukoni. Kocha hakupiga makofi. Alisema, "Vizuri. Inayofuata," akageuka upande wangu nami nikaona miwani yake ina ukungu.

Hiyo miwani ina habari yake. Kocha wa kwenye katuni ni mtu mkimya, mwenye miwani myeusi, anayesimama amekunja mikono asiseme neno, na wachezaji wanamwogopa na kumpenda. Kocha wetu akanunua miwani myeusi, akaiweka juu ya ile yake ya kusomea, akatangaza kwamba leo hatasema kitu. Alidumu dakika nne. Katika dakika ya tano Wanza alijikwaa, na Kocha akawa amefika katikati ya uwanja akiuliza habari ya kifundo cha mguu, amekula nini, amelala saa ngapi na amekunywa maji mangapi.

Maji! Hapo ndipo muuguzi alipomshinda kocha. Aliamini nusu ya makosa ya dunia yanatokana na watu kutokunywa maji. Kila mchezaji alipofika alisimamishwa na kuulizwa, mbele ya wazazi, mbele ya wapinzani: "Mkojo wako wa leo una rangi gani?"

"Kocha, jamani!"

"Jamani si rangi. Kama majani ya chai au kama maji ya ndimu?"

Kocha wa timu ya Edgbaston, Mwingereza mpole, aliniuliza wanaongea nini. Nilimwambia wanasali. Mungu anisamehe, sikuwa na Kiingereza cha jambo lile.

Kujifunza kwa katuni kulikuwa na hatari zake, na kosa kubwa kuliko yote alilifanya na Wanza. Kwenye katuni, mrushaji akiinua mkono, mpira haufiki upesi. Kwanza anakumbuka. Anakumbuka alivyokuwa mtoto, mpira wa kwanza aliopewa na baba yake, mvua, rafiki aliyehama, maneno ya bibi; wakati mwingine mpira mmoja unamaliza kipindi kizima. Kocha aliamini kwa moyo wake wote kwamba hiyo ndiyo sheria ya mchezo. Akamfundisha Wanza kusimama, kushusha pumzi na kuyakumbuka maisha yake kabla ya kurusha.

Mechi yetu ya kwanza ilikuwa dhidi ya hao hao wa Edgbaston. Wanza alipanda mahali pake, akashika mpira, akatulia. Mpigaji akangoja. Mwamuzi akangoja. Ndege akapita. Mwamuzi akasema arushe. Wanza hakusikia. Mwamuzi akamwendea Kocha kumwonya kwa kuchelewesha mchezo, na Kocha akakasirika kweli.

"Unamkatiza! Muache amalize!"

"Amalize nini?"

Kocha akamgeukia Wanza. "Umefika wapi, binti?"

"Darasa la tatu, Kocha."

Tulifungwa siku hiyo kwa idadi ambayo sikuiandika yote kwa sababu ukurasa uliisha. Baadaye Kocha alirudi kwenye katuni, akatazama saa, akagundua ukweli. Jumamosi iliyofuata aliwakusanya wote akawaomba radhi. Alisema alidhani ni mchezo kumbe ni uchoraji. Sijaona watu wazima wengi wakiwaomba watoto radhi kwa namna ile, bila kuongeza "lakini". Wanza alimwambia, "Sawa tu, Kocha. Nilikuwa sijawahi kufikiria darasa la pili." Akabaki na kipande kidogo cha zoezi lile, pumzi moja tu, na pumzi hiyo ikaja kuwa silaha yake, maana wapigaji hawakuwahi kujua itachukua muda gani.

Hatari nyingine ilikuwa machozi. Kwenye katuni timu ikishindwa wachezaji hulia kwa sauti wakiwa wamepiga magoti. Baada ya kushindwa kule kwa kwanza Kocha aliwapa watoto nafasi ya kulia. Alisimama kando kwa heshima, amevua kofia. Watoto walikuwa wanagombania viazi vya kukaanga vya pakiti. Aliyelia alikuwa yeye.

Wala katuni haikuwa na baridi. Kule daima ni kiangazi na nyenje wanalia mitini. Kocha alihisi kuna kitu kinakosekana kwenye mazoezi yetu, akaja na spika ndogo akacheza sauti ya nyenje. Kwa hiyo kama ulipita Nechells mwezi wa tatu, upepo ukitoka kwenye maghala na vidole vikikataa kukunjika, ukasikia nyenje wa Japani, ulitusikia sisi.

Watu waliosimama naye muda mfupi walidhani ni mtu mwenye subira isiyo na mwisho. Sivyo. Alikuwa na subira kwa watoto na wagonjwa tu. Kwenye foleni ya duka alihema kama ng'ombe. Basi likichelewa dakika tatu Alum Rock Road alianza kutembea, na lilimpita kila mara kati ya vituo viwili. Aliwaambia wachezaji kwamba mwili hukua usingizini, naye mwenyewe alilala kwa saa nne tu na kusinzia kwenye mahubiri, mstari wa pili, mbele ya mchungaji. Na jambo la ajabu kuliko yote: hakuweza kutazama. Mpira wa muhimu ukifika, ule ambao mechi yote inauegemea, aligeuka akatazama maghala.

"Imekuwaje, Mzee?"

"Amepiga."

"Mbali?"

"Geuka utazame!"

"Niambie tu."

Hivyo mechi zote mbili tulizoshinda katika miaka ile minne Kocha alizisikia kwangu. Katika mojawapo wapinzani walikuja saba badala ya tisa, lakini sikuona sababu ya kumtajia hilo wakati ule.

Sala yake kabla ya mechi ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusikia, na nimesikia nyingi. "Bwana, wasivunjike. Amina." Mwanzoni niliiona pungufu. Kadiri nilivyokaa nimeona kwamba haina neno la kupunguza.

Basi miaka ikaenda, mchungaji wetu akahamishwa, akaja mwingine kijana mwenye utaratibu. Akafungua kumbukumbu za baraza akakuta shauri lisilofungwa. Akaniita.

"Mzee, hapa pameandikwa wiki mbili."

"Naam."

"Taarifa iko wapi?"

"Inakaribia, Mchungaji."

Alinitazama kwa upole, na upole wake uliniaibisha kuliko karipio. Akasema amesikia watu wapya wakinong'ona juu ya watoto wanaoinamia majani, na kwamba shauri likikaa bila kufungwa linamchafua asiye na kosa sawa na mwenye kosa. Jumapili jioni, baada ya ibada, baraza litakaa, taarifa itasomwa, na timu ama itabaki ama itavunjwa siku hiyo hiyo. Nilitambua kwamba uvivu wangu niliouita uchunguzi ulikuwa umemning'iniza Kocha kwenye uzi miaka minne. Nilimwambia Kocha mwenyewe habari hiyo. Aliitikia kwa kichwa, akaniambia Jumapili ana zamu ya usiku, hataweza kuja kujitetea. "Na ningekuja ningesema nini, Mzee? Bado sijui kwa nini wanainama."

Niliandika taarifa kurasa mbili. Nilieleza kwamba baba yetu wa imani, alipokuwa mgeni katika nchi ya watu na kufiwa na mkewe, alisimama akainama mbele ya wenyeji wa nchi ile akiwaomba kipande cha shamba. Hakuabudu mtu wala udongo. Aliinama kwa sababu alikuwa mgeni, anaomba mahali. Sisi nasi ni wageni. Majani ya Nechells si yetu, kuna mtu anayeyakata, kuna mji unaotuachia tuchezee, na sioni vibaya watoto wetu kuvua kofia kabla ya kukanyaga kitu walichopewa bure. Nikaongeza kwamba nimekaa miaka minne kwenye kiti cha kukunja na sijasikia jina la Mungu mwingine likitajwa pale, ila la Mungu wetu nimelisikia likitajwa sana, hasa mwamuzi anapokosea.

Nilipomaliza kusoma nikakunja karatasi. Kisha mama yake Heri akainua mkono.

"Mimi njo nilileta hii neno," alisema. "Acha niimalize. Heri mbele hakukuwa ananisalimia. Anaamka, anapita, simu mukononi, sawa vile mimi ni ukuta. Sasa asubuhi anakuja, anatoa kofia, anainama: 'Mama, asante kwa chakula.' Siku ya kwanza nilifikiri iko mugonjwa." Akangoja kicheko kiishe. "Mimi sijue katuni. Ila ule mutu anilindie mutoto."

Baraza halikupiga hata kura. Mchungaji aliandika kwamba shauri limefungwa, timu ibaki, na Kocha apewe shukrani.

Simu ya Kocha ilikuwa imezimwa jioni ile, kama ilivyo kwa wauguzi walioko wodini. Jumatatu nilipanda basi mapema nikafika hospitalini saa mbili asubuhi, wakati zamu ya usiku inapotoka. Alitoka akiwa amevaa koti juu ya sare. Aliponiona hakusalimu. Alinishika mkono akanikalisha kwenye benchi lililo nje ya mlango, akatoa karatasi zilizokunjwa mfukoni.

"Kocha, sikiliza, jana baraza…"

"Ngoja, Mzee. Najua umekuja kuwachukua watoto. Nimejitayarisha." Akavaa miwani ya kusomea. "Sisi hatuondoki wodini bila kumkabidhi anayeingia. Kila mgonjwa: ana nini, amepewa nini, atazamwe wapi. Hawa ni kumi na wanne. Atakayekuja baada yangu asianze gizani."

"Lakini Kocha…"

"Makabidhiano hayakatizwi."

Nilijua hilo ni kweli kwa jinsi alivyolisema, nikanyamaza. Akasoma.

"Wanza. Mrushaji. Bega la kulia. Asizidishe mipira sitini hata akilia. Atasema haumwi, usimsikilize, tazama anabeba begi kwa mkono gani. Heri. Macho yako wazi sasa. Mwakani awe nahodha, hajaambiwa. Mama yake akija apewe kiti mbele, haogopeshi, anaogopa."

Akaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine. Kuna aliyekuwa anacheka sana siku ambazo nyumbani pana ugomvi. Kuna asiyetakiwa kusifiwa mbele za watu. Kuna ambaye angefaa kuhamishiwa kituo cha tatu, taratibu, asije akadhani ni adhabu. Watu walipita mbele yetu wakiingia kazini, na mimi nilikaa pale nikiwa na habari njema mdomoni kama mtu aliyeshika chai ya moto, siwezi kuimeza wala kuitema.

Alifika wa kumi na nne. Akageuza karatasi. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi.

"Mzee," akasoma, na hakuinua macho. "Alikuja kupeleleza. Mwaka wa kwanza alikaa kimya. Wa pili aliuliza maswali. Wa tatu alimfokea mwamuzi, akatubu. Anakua vizuri. Tangu mkewe atutoke hapiki Jumamosi, anakuja uwanjani bila kula na hatasema. Apewe uji kabla ya mechi. Aambiwe umebaki, la sivyo atakataa."

Kila Jumamosi kwa miaka mitatu nilikuwa nimekunywa kikombe cha uji uliobaki. Sikuwahi kujiuliza inakuwaje uji ubaki kabla watu hawajanywa.

Kocha alikunja karatasi, akaniwekea mkononi. "Maswali?"

Nikamwambia baraza limefunga shauri, timu imebaki, yeye amebaki, na mama yake Heri ndiye aliyesema neno la mwisho. Akavua miwani.

"Na umeniacha nisome yote?"

"Ulisema hayakatizwi."

Akacheka mpaka mlinzi wa mlangoni akageuka. Kisha akafuta macho kwa mkono wa koti, akasimama, akaangalia barabarani kama basi linakuja, na kwa kuwa halikuwa linakuja akaanza kutembea.

"Umekula, Mzee?"

Kwa miaka yote hiyo ningesema nimekula.

"Bado," nikasema, nikamfuata.